Jumatano za Sanduku la Joto

Jumatatu, 3 Machi 2025

Jua. Nimefika kazini saa moja kasorobo.

Daftari jipya, kurasa mia mbili. Naandika kila siku tangu nilipofanya kazi kwa tajiri mmoja ambaye saa yake ya mkononi ilipotea, na mimi nikawa wa kwanza kupekuliwa. Ilipatikana ndani ya gari lake mwenyewe. Hakuna aliyeniomba msamaha. Tangu hapo, kitu kikiharibika mahali nilipo, nataka niweze kuonyesha nilifanya nini, siku gani, saa ngapi.

Hapa kliniki ya Kawangware mimi ndiye msafishaji. Tuna vitanda vinne, chumba cha kujifungulia, na tangu Ijumaa tuna sanduku. Limeletwa na wanafunzi wawili wa uhandisi, msichana anaitwa Valary na mvulana anaitwa Muiruri. Ni la plywood iliyopakwa rangi nyeupe, na kifuniko chake ni plastiki ngumu inayoonyesha ndani. Mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake analazwa humo. Kuna waya wenye kifungo cha chuma unaobandikwa tumboni mwake. Kifungo kikihisi mtoto amepoa, sanduku linaongeza joto. Kikihisi amepata joto la kutosha, linazima. Nambari zinaonekana kwenye kioo kidogo. Zamani mtoto kama huyo tulimfunga blanketi akapelekwa hospitali kubwa kwa bodaboda.

Sista Wacera, muuguzi mkuu, anasema ofisi ya kaunti imetupa mpaka Juni. Tusipokuwa na kifaa cha kuwapasha watoto joto, hatutaruhusiwa kuzalisha tena. Kliniki isiyozalisha haihitaji msafishaji.

Wanafunzi nimewaona wengi. Wanakuja na fulana zinazofanana, wanapiga picha, wanapotea. Hawa wamesema watakuwa wanakuja kila Jumatano saa nne asubuhi. Tutaona.

Jumanne, 4 Machi

Jua. Hakuna jambo.

Jumatano, 5 Machi

Jua kali. Wageni wanakuja, kwa hiyo nimeosha. Siku za kawaida napangusa sanduku kwa spiriti, mtoto akiwa kwa mama ananyonya. Kuosha kwa wageni ni kitu kingine. Kila kinachotoka kinatoka, kinalowekwa kwenye maji ya klorini dakika kumi, kinasuuzwa, kinaanikwa. Mama yangu alikuwa hivyo hivyo. Mgeni akitarajiwa, hata sufuria ambayo haitapikiwa ilisuguliwa kwa majivu. Nimeosha godoro, kifuniko, ule waya na kifungo chake. Kufikia saa nne kila kitu kilikuwa kikavu.

Kulikuwa na karatasi iliyobandikwa pembeni mwa sanduku, nembo kubwa za wafadhili na maandishi madogo ya Kiingereza chini. Ilianza kubanduka kwa maji. Nimeimalizia na kuitupa. Sanduku la mtoto si ukuta wa matangazo.

Muiruri aliunganisha laptopu kwenye sanduku dakika ishirini. Nikamuuliza anachukua nini.

"Data, Auntie."

"Data ya nani?"

"Ya sanduku. Yako siwezi guza."

Valary akacheka. Mimi sikucheka. Walipokuwa wanatoka nilimwona Muiruri akisalimiana na Mzee Kagiri, mwenye ploti, kwa Kikuyu, akashikwa bega. Nimemuuliza Sista. Ni mjukuu wake.

Ijumaa, 7 Machi

Jua. Mzee Kagiri amekuja na futi akapima ukuta wa chumba cha sanduku, nje na ndani. Hakusema kwa nini. Mwaka jana alimwambia Sista kwamba hapa pangeweza kusimama ghorofa nne.

Jumatano, 12 Machi

Jua, mawingu jioni. Wageni wanakuja, nimeosha. Laptopu dakika ishirini na tano.

Jumatano, 19 Machi

Mvua ya kwanza imeanza alfajiri. Nimetembea kutoka Laini Saba na mfuko wa plastiki kichwani, viatu mkononi. Wageni wanakuja, nimeosha, nimeanika kwenye kamba ya korido.

Wanafunzi wameondoka saa sita. Saa nane Sista amegusa miguu ya mtoto wa Ciru, mama aliyejifungua hapa kabla ya siku zake, mtoto wa kilo moja na gramu mia nane, akaniita kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia. Miguu ilikuwa ya baridi. Kioo kilionyesha 38.4. Sanduku lilikuwa limejizima kwa sababu liliamini mtoto ana joto. Sista akaweka thamomita kwapani: 35.6.

Kwa hiyo sanduku linadanganya. Mtoto amevuliwa akawekwa kifuani kwa Ciru, ngozi kwa ngozi, sweta juu. Kufikia saa kumi na moja alikuwa sawa.

Asubuhi lilikuwa zima. Mtu wa mwisho kuligusa na mashine yake ni Muiruri.

Ijumaa, 21 Machi

Mvua kidogo. Muiruri ameitwa. Amepima waya, amepima kifungo kwenye kikombe cha maji ya vuguvugu.

"Iko sawa, Sista. Haina shida."

"Mtoto alikuwa barafu, Muiruri."

"Naamini. Lakini angalia mwenyewe. Iko sawa."

Ilikuwa sawa kweli, na hilo ndilo lililonitisha. Kitu hakiharibiki kikajitengeneza. Anayeweza kukifungua na kukifunga ni yule mwenye ufunguo.

Jumatano, 26 Machi

Mvua tangu jana. Wageni wanakuja, nimeosha. Nimesimama mlangoni na fagio wakati wote walipokuwa ndani. Muiruri ana macho ya babu yake, yanayopima ukuta. Anaandika vitu kwenye laptopu ambavyo si Kiingereza wala Kiswahili, alama tupu, halafu anabonyeza, halafu anatikisa kichwa.

Saa tisa kasoro: kioo 39.1. Mtoto 35.4. Sanduku limezima.

Alhamisi, 27 Machi

Mvua. Sanduku bado linadanganya.

Ijumaa, 28 Machi

Mvua. Asubuhi lilikuwa bado. Jioni limepona lenyewe.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua kubwa, mtaro wa mbele umefurika. Wageni wanakuja, nimeosha. Leo nimesugua zaidi, kwa hasira.

Muiruri ametuonyesha mstari kwenye laptopu yake. Unakwenda sawa kama barabara, halafu unaruka, halafu unashuka polepole.

"Mnaona? Inaruka siku moja tu. Jumatano, mchana. Wiki mbili sasa. Sista, hapa Jumatano kunakuwanga na nini?"

Sista akaniangalia. Mimi nikamwangalia. Akasema, "Jumatano mnakuja nyinyi."

Valary akaangalia viatu vyake. Muiruri akasema, "Zii, Sista, si hivyo," lakini masikio yake yalikuwa mekundu.

Saa nane na nusu: 38.8. Sanduku limezima.

Jumapili, 6 Aprili

Mvua. Kanisani nilikaa na jirani yangu Amondi. Mimba yake ni ya miezi saba na miguu imevimba. Ameniuliza kama kliniki yetu ina ile mashine ya watoto aliyosikia. Nimemwambia ipo. Sikumwambia zaidi.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua. Naandika yote kwa utaratibu kwa sababu huenda nikaulizwa.

Saa mbili: wageni wanakuja, nimeosha. Saa nne: wamefika. Saa nne na robo: Muiruri ameunganisha laptopu. Saa tano na dakika kumi: ametoka kwenda getini. Mzee Kagiri alikuwa amesimama hapo na mwavuli. Wameongea dakika nane. Mzee alinyoosha mkono kuelekea dirisha la sanduku, Muiruri akaitikia kwa kichwa. Saa tano na dakika ishirini: amerudi, akaligusa tena. Saa saba na nusu: 39.4, sanduku limezima.

Safari hii hapakuwa na mtoto ndani, namshukuru Mungu. Nilimfuata Sista ofisini nikafunga mlango.

"Sista, mimi sijui mashine. Lakini najua kuangalia. Hii nyumba ni ya babu yake. Babu anataka kujenga. Sanduku likikosa kufanya kazi, kaunti wanafunga kliniki. Kliniki ikifungwa, nyumba inabaki ya nani?"

Sista akazungusha kalamu. "Una uhakika, Mama Oloo?"

Nikamfungulia daftari hili nikamwonyesha zile Jumatano. Tarehe, saa, mvua, nani aliingia, nani alitoka.

Amemwandikia mwalimu wao. Muiruri asikanyage hapa tena.

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua. Mwalimu amejibu. Mpaka mambo yachunguzwe, Muiruri ameondolewa kwenye mradi na hakuna mwanafunzi atakayekuja. Valary atawasilisha kazi hiyo mbele ya walimu tarehe 16 Mei. Yeye, kama hatakuwa amesafishwa jina, atarudia mwaka.

Jumatano, 16 Aprili

Mvua. Hakuna wageni. Nimepangusa. Sanduku limefanya kazi vizuri kutwa. Saa nane kamili nilisimama mbele yake nikingoja. 36.6.

Jumatano, 23 Aprili

Mvua kubwa. Hakuna wageni. Nimepangusa. 36.5. Sista amesema, "Ulikuwa sahihi, Mama Oloo." Nimekunywa chai yangu nikiwa nimekaa, si kama kawaida.

Jumanne, 29 Aprili

Mvua. Amondi ameshikwa na uchungu wiki sita kabla ya siku zake. Msichana, kilo moja na gramu mia saba. Amewekwa kwenye sanduku saa tatu. Amondi ananishika mkono, anauliza, "Seline, hii kitu itamlinda?" Nimemwambia ndiyo. Safari hii nilisema kwa moyo wote. Aliyekuwa analiharibu hayupo.

Jumamosi, 3 Mei

Mvua. Mtoto wa Amondi ameongeza gramu thelathini. Amondi amempa jina la mama yake mwenyewe, Trizah.

Jumanne, 6 Mei

Nitaandika kwa mpango.

Jana jioni kaunti walipiga simu kwamba wakaguzi watakuja leo. Mvua ilikuwa imeanza tangu usiku. Nilifika saa kumi na mbili na nusu, nikaosha kliniki nzima. Amondi alimtoa mtoto kunyonyesha na kukaa naye kifuani, nami nikaosha sanduku, kisha akamrudisha humo. Wakaguzi walikuja saa nne, wakaangalia kioo, 36.6, wakaandika, wakasema wamefurahi. Sista alinibonyeza kiwiko.

Saa nane Amondi alikwenda kuoga. Sista alikuwa na mama mwingine chumba cha kujifungulia. Mimi nilikuwa napiga deki korido. Nikapita dirishani, nikaona kioo: 39.2.

Nilidhani mtoto ana homa. Nikafungua kifuniko, nikagusa mguu wake. Ulikuwa kama kitu kilichotolewa mtoni. Hakulia. Midomo ilikuwa na rangi ambayo sitaki kuiandika.

Sijui nilipiga kelele gani. Najua nilifungua vifungo vya ovaroli na blauzi yangu nikamweka kifuani, nikajifunika leso, nikakimbia naye mpaka kwa Sista. Thamomita: 34.1. Sista alimsugua mgongo. Mimi nilikaa sakafuni. Nilikuwa nasikia moyo wangu mwenyewe, wake nilikuwa siusikii. Amondi akaja na taulo kichwani, akaniona, akasimama tu.

Saa tisa na dakika kumi Trizah alilia, sauti ndogo kama ya paka. Saa kumi na nusu: 36.0. Yuko kwa mama yake sasa. Hatarudishwa kwenye sanduku.

Muiruri hajakanyaga hapa karibu mwezi mzima.

Jumatano, 7 Mei

Mvua. Asubuhi yote niliwaza juu ya Mzee Kagiri. Ufunguo wa mita ya stima anao yeye. Labda alimtuma fundi. Labda Valary naye yumo. Nilikuwa na orodha kichwani.

Saa sita nilikaa stoo ya shuka na daftari hili ili niandike orodha hiyo kwa ushahidi. Nikaanza kunakili siku ambazo sanduku lilidanganya. 19 Machi. 26 Machi. 2 Aprili. 9 Aprili. 6 Mei. Halafu nikatafuta kitu kilichotokea siku zote tano. Muiruri: nne. Mzee Kagiri: moja. Stima kupotea: hakuna.

Neno lililokuwepo siku zote tano nimeliandika kwa mkono wangu mwenyewe. Nimeosha.

Nikatafuta njia ya kutoka. Nikasema, lakini tarehe 5 na 12 Machi niliosha pia na sanduku halikuharibika. Nikasoma mwanzo wa kurasa hizo. Jua. Jua. Vitu vilikauka.

Nimechukua ule waya nikauangalia dirishani. Pale mpira unapokutana na kifungo pana uwazi mwembamba kama ukucha. Nimeuminya. Limetoka tone moja la maji, lenye harufu ya klorini.

Alhamisi, 8 Mei

Mvua. Nimemwambia Sista. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mama Oloo, nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Basi tutaacha kuloweka huo waya, na imeisha."

"Na yule kijana?"

"Ile barua ina sahihi yangu. Ukisema, ni kazi yako, na mimi pia nitaulizwa. Kijana atarudia mwaka mmoja. Hajafa."

Niliinuka nikaenda kupangusa madirisha ambayo yalikuwa safi.

Ijumaa, 9 Mei

Mvua. Daftari hili nililinunua ili siku moja linitetee. Kama ningelichoma leo kwenye jiko, hakuna ambaye angejua. Nimeliweka chini ya godoro, nimelitoa, nimeliweka tena.

Amondi amenipa ndizi kwa kumwokoa mtoto wake. Nimeshindwa kuzila.

Jumamosi, 10 Mei

Mvua imekatika asubuhi. Nimekwenda Riruta kwa Mzee Kagiri. Alikuwa nyuma ya nyumba na gambuti, anapalilia sukuma.

"Ni wewe ya kliniki? Umekuja kupekua na hapa?"

"Nimekuja kumwona Muiruri, mzee."

"Si mlimwandika kwa barua? Andika ingine."

Sikusogea. Nikaamua, kwa kuwa nimeshafika, nimuulize lile lililoniuma tangu Machi. "Mzee, ulikuwa unapima ukuta kwa nini?"

Akaegemea jembe. "Kwa sababu nataka kujenga. Ploti ni yangu. Nikitaka mtoke nitawaambia, Wacera, mtoke. Nina mdomo. Mimi nitatumia mtoto wa mtu na waya ya nini?"

Nikamwomba msamaha palepale, matope yakiwa yamefika vifundoni. Akageukia nyumba akaita, "Muiruri! Kuna mtu wako."

Muiruri alitoka na ndevu ambazo hakuwa nazo. Nikamwambia kila kitu nikiwa nimesimama.

"Unaloweka dakika ngapi?"

"Kumi. Kama chati ya klorini ya ukutani inavyosema."

Akafumba macho. "Maji yanaingia kwa mpira. Asubuhi inasoma sawa, halafu joto likishika yanateremka kwa kifungo. Kifungo kinadhani ni moto." Akafungua macho. "Lakini Auntie, si kulikuwa na karatasi pembeni? Tuliandika usiloweke, pangusa tu."

Nikakumbuka mkono wangu ukiibandua. "Nilidhani ni matangazo."

Nilingoja anitukane. Alikaa kwenye ngazi. "Nembo ilikuwa kubwa kuliko maneno," akasema. "Nilimwambia Valary. Na hakuna siku tulikuuliza unaoshanga aje. Tuliongea na Sista, tukaongea na daktari. Wewe tulikupita tu na salamu."

Hakusema kwamba amenisamehe. Alisema mwalimu hatakubali maneno matupu. Atataka kitu kilichoandikwa siku zile zile, si leo.

"Ninacho," nikasema. "Lakini humo nimekuandika vibaya."

"Vibaya aje?"

"Utaona."

Huu ndio ukurasa wa mwisho nitakaoandika kabla ya kumpa. Ameketi ananingoja nimalize.

Alhamisi, 15 Mei

Mvua. Naandika kwenye daftari la mwanangu Oloo, nyuma ya hesabu zake. Jana nilikwenda chuoni. Walimu watatu mezani, daftari langu katikati. Mmoja akasoma kwa sauti ile sehemu ya macho yanayopima ukuta, Muiruri akiwa amekaa mbele yangu. Waliniuliza kama ni mwandiko wangu. Nikasema ni wangu wote.

Sista alijua nimekwenda. Leo hakunisalimia. Amenipa kazi zangu kwa karatasi.

Jumamosi, 17 Mei

Mawingu. Valary amepiga simu. Jana Muiruri aliruhusiwa kuwasilisha kazi pamoja naye.

Jumatano, 21 Mei

Manyunyu. Muiruri amekuja na waya mpya, kiungo chake kimezibwa. Karatasi mpya imewekwa chini ya plastiki, kwa Kiswahili, maneno makubwa, hakuna nembo. Aliniuliza niandikeje. Nimesema: USILOWEKE WAYA HATA WAGENI WAKIJA. Ameandika hivyo hivyo.

Amenirudishia daftari. Ile sehemu ya macho imepigiwa mstari wa penseli.

"Babu alisoma pia," akasema.

"Alisema nini?"

"Alisema unaandika vizuri. Lakini huo ukuta bado ni wake."

Jumanne, 27 Mei

Mvua kidogo. Trizah wa Amondi ameondoka na kilo mbili na gramu mia moja. Sista amenisalimia, kwa kichwa tu. Mkataba wangu unaisha Juni na hajasema neno.

Jumatano, 28 Mei

Mvua. Wageni wanakuja saa nne: wanafunzi, mwalimu wao, na mtu wa kaunti. Saa mbili nilikuwa nimeshajaza ndoo na kupima klorini kabla sijajua mikono yangu inafanya nini. Nimeimwaga yote kwenye mtaro. Nimepangusa kwa spiriti. Sanduku halijang'aa ninavyotaka, na kwenye pembe moja kuna alama ya kidole.

Wageni wanakuja, sijaosha.